Ukindu Uliokataa Kuwa Mweusi

Mwezi wa sita huku Ufipa si mwezi wa kuchezea. Baridi inauma mpaka kwenye kucha, na umande unalowesha miguu hadi magotini. Lakini Shule ya Msingi Tupendane haikujali baridi ya mtu. Saa kumi na mbili na nusu kengele ililia, wanafunzi wakaanza mchakamchaka kuzunguka kijiji, wakiimba kwa sauti zilizokauka huku meno yakigongana. Walipomaliza, kila mtoto alikwenda kwenye kazi yake. Wengine walimwagilia kabichi, wengine walifagia uwanja, na darasa la kwanza waliokota taka huku wakipuliza viganja vyao.

Zita wa darasa la sita hakushika fagio wala ndoo asubuhi hiyo. Alishuka mbio mpaka kijitoni chini ya shule, mahali ambapo kikundi chake kilikuwa kimefukia ukindu kwenye tope. Alipiga magoti, akazamisha mikono kwenye tope lile la baridi, akachomoa kitita kimoja na kukisuuza majini. Kisha akakinyanyua juu akitazame vizuri.

Kilikuwa cha kahawia. Si cheusi, wala hakikukaribia weusi. Kilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi na mtu asiyejua bei ya maziwa.

"Mama yangu wee!" Zita alisema, akakitupa kitita kile kwenye majani.

Rafiki yake Cornelia, aliyekuwa amemfuata nyuma, alikiokota na kukigeuzageuza. "Mara ya tatu hii," alisema polepole.

"Najua ni mara ya tatu. Najua kuhesabu."

Juu ya kingo za kijito alipita Marselino, kiongozi wa kikundi cha kuchonga mipini ya majembe. Alisimama, akachungulia, akacheka mpaka akashika tumbo. "Zita! Huo ndio weusi wa bibi yako? Mbona una homa?"

Zita alimrushia donge la tope, likamkosa. Hilo nalo lilimuudhi.

Sasa, msomaji, usimcheke Zita kabla hujajua alivyojiingiza kwenye shida hii. Mwezi mmoja nyuma, Mwalimu Mwinjuma, mwalimu wao wa darasa, alitangaza kwamba sherehe za Saba Saba zitafanyika mjini Sumbawanga, na kwa kuwa mkoa wa Rukwa ulikuwa bado mchanga, kila shule ilitakiwa ipeleke kitu kimoja kizuri kilichotengenezwa na wanafunzi wenyewe. "Kimoja tu," alisema, akinyoosha kidole. Kabla kidole hakijashuka, Zita alikuwa amekwishasimama.

"Sisi tutasuka mkeka wa mistari myeusi na myeupe, mwalimu! Bibi yangu anajua kutengeneza weusi usiotoka hata ukifua mwaka mzima!"

Maneno yale yalimpendeza mwalimu. Yalimpendeza mno, hata akakisamehe kikundi cha Zita kazi za shamba. Wenzao wote walikuwa wakivuna ulezi wa shule kila alasiri, migongo imepinda, na wao watano walikaa kivulini na ukindu wao. Mkeka usipopatikana, wangekuwa wamekula jasho la wenzao bure. Na enzi zile za ujamaa, mtu anayekula jasho la wenzake alikuwa na jina lake. Aliitwa kupe, yule mdudu anayejishikiza kwenye ng'ombe na kunyonya damu. Zita alikuwa radhi aitwe jina lolote lile, ila hilo hapana.

Tena hakuwa ameongopa. Bibi yake, Bibi Silvana, alikuwa bingwa wa kweli. Zamani walipokaa Kansofu, kabla ya watu wote kuhamishiwa kijiji kipya cha Tupendane, mikeka yake ilijulikana mpaka bondeni Milepa, na wavuvi wa Kabwe walipanda milima na samaki wakavu ili wabadilishane naye. Njia yake aliijua Zita kwa moyo. Unachemsha gome la mti wa msuku kwenye chungu cha udongo, unaloweka ukindu siku mbili, kisha unaufukia kwenye tope la kijito siku tatu. Na kulikuwa na sharti moja kubwa lililoyazidi mengine yote: wenye kutia rangi wasigombane. Rangi haipendi ugomvi, walisema akina mama wa Kansofu. Ikisikia matusi, inakasirika na kukataa.

Mchana ule Zita alirudi nyumbani na kitita chake cha kahawia. Alikirusha mbele ya bibi yake aliyekuwa akipepeta ulezi uani.

"Shikamoo bibi. Tazama."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi Silvana alitazama ukindu kwa muda, kisha akauliza swali lile lile aliloliuliza mara mbili zilizopita. "Nani kagombana?"

"Hakuna, bibi."

"Kuna mtu kagombana."

"Bibi, safari hii hatukusema hata neno! Tumekwenda kijitoni kimya, tumefukia kimya, tumerudi kimya. Watu walidhani tumefiwa! Cornelia alitaka kupiga chafya, nikamziba pua. Nani angegombana?"

"Moyoni je?" aliuliza bibi. "Mtu anaweza kugombana moyoni."

Utamshinda vipi mtu anayekwambia umegombana moyoni? Ushahidi utautoa wapi? Aliingia ndani, akajitupa kitandani, akalia kwa hasira. Hata uji wake wa ulezi hakuunywa, na Zita kuacha uji halikuwa jambo la kila siku.

Mambo yakazidi kuwa magumu. Jumatatu Mwalimu Mwinjuma alitangaza kwamba Mratibu wa Elimu, Ndugu Eustace, atafika Ijumaa kuchagua kazi itakayokwenda Sumbawanga. Kisha akamgeukia Zita mbele ya darasa zima.

"Vipi, Zita? Weusi umekubali?"

Marselino aligeuza shingo kabisa ili asikie vizuri. Zita alifungua mdomo ili aseme bado, lakini neno lililotoka lilikuwa jingine.

"Umekubali, mwalimu."

"Safi sana."

Cornelia alimtazama kwa macho makubwa. Zita akajifanya anachonga penseli.

Alasiri hiyo, wenzao walipokwenda kuvuna, Zita aliingia stoo ya shule. Kule pembeni lilikaa debe la rangi ya ubao. Shule nyingi ziliitengeneza wenyewe wakati ule: wanafunzi walileta betri za redio zilizokwisha, wakazipasua, wakatwanga yale makaa ya ndani pamoja na majani mabichi mpaka yakawa uji mweusi tititi wa kupaka ubao. Zita alichovya kidole. Kikatoka cheusi kuliko usiku. Alichota bakuli zima, akaenda nalo nyuma ya stoo na kuanza kuupaka ukindu.

"Hiyo si rangi," alisema Cornelia. "Hayo ni masizi tu."

"Ubaoni mbona inakaa?"

"Ubao hatuulalii, Zita."

"Unataka tuitwe kupe? Sema kama unataka!"

"Sitasema kwa mwalimu," alisema Cornelia, "lakini kupaka sipaki. Nitasaidia kuunganisha tu."

Wakasuka siku tatu. Ukili mweupe, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, walikwishausuka tangu zamani, kwa hiyo kilichobaki ni ule mweusi na kuunganisha. Mikono ya Zita ikawa kama ya fundi wa malori. Mwalimu alipomuuliza, alisema ni tope lililoshika weusi. Uongo wa pili huo, na ulikuwa rahisi kuliko wa kwanza.

Ijumaa ikafika. Ndugu Eustace, Mratibu, alikuja na baiskeli yake, mtu mnene mwenye suti ya khaki iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Wanafunzi walipanga kazi zao uwanjani: mipini, vyungu, vikapu. Katikati ulitandazwa mkeka wa Zita. Lazima niseme kweli, ulipendeza. Mistari myeusi na myeupe ilipishana mpaka macho yakafurahi. Mratibu aliuzunguka mara mbili. Jua lilikuwa limeshawaka, naye alikuwa amepanda mlima kwa baiskeli na jasho lilimtiririka.

"Mkeka haupimwi kwa macho," alisema kwa furaha. "Mkeka unakaliwa!" Akaketi chini, akakunja miguu, akajipepea na kofia. Aliwauliza wanafunzi maswali mawili matatu kuhusu kazi za mikono, akaegemea nyuma kwa viganja vyake, akafuta paji la uso. Kisha akainuka na kuwapa wanafunzi mgongo ili aongee na mwalimu mkuu.

Shule nzima iliona. Suruali ya khaki, upande wa makalio, ilikuwa na mistari mitano myeusi. Kila mtu aliuma midomo, na walimu walitazama angani. Ndipo mtoto mmoja wa darasa la kwanza, ambaye mama yake hakuwahi kumfundisha kunyamaza, akapaza sauti: "Mwalimu, mzee amekuwa punda milia!"

Uwanja ukalipuka. Mratibu alijigusa nyuma, akatazama kiganja chake, nacho ni cheusi tayari. Akajifuta usoni kwa mshangao, na hapo uso nao ukapata mistari. Kicheko kilizidi mpaka Mwalimu Mwinjuma akapiga makofi matatu makali, watu wakanyamaza.

"Zita," alisema kwa sauti ya chini. Sauti ya chini ya Mwalimu Mwinjuma ilikuwa mbaya kuliko fimbo. "Hii nini?"

Zita aliona miguu yake, na mchanga, na siafu mmoja akipita. Alitamani awe siafu. "Rangi ya ubao, mwalimu."

"Uliniambia weusi umekubali."

"Haukukubali, mwalimu."

"Uliniambia mikono yako ina tope."

"Haikuwa tope, mwalimu."

Ndugu Eustace alivuta pumzi ndefu. Alikuwa na haki ya kufoka, lakini alijizuia. "Lori la kuchukua kazi za shule litapita hapa baada ya siku kumi," alisema. "Nitakuwemo. Nikikuta mkeka ambao hautanirudisha nyumbani katika hali hii, nitauchukua. Nisipoukuta, nachukua mipini ya majembe." Akapanda baiskeli yake na kuondoka, na ile mistari ikaondoka naye taratibu kushuka mlima.

"Kupe!" mtu alinong'ona nyuma. Zita hakugeuka kumtafuta aliyesema.

Adhabu ilikuwa nzito. Kikundi kizima kingevuna ulezi kila alasiri, na Zita peke yake angetwanga makaa ya betri ya kujaza debe alilolipunguza. "Na asubuhi," alisema mwalimu, "utaendelea kuutafuta weusi. Usidhani nimekuachia."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Autafute wapi tena? Jumamosi alikwenda kubandua gome la msuku huku akifoka njia nzima. Aliutukana msuku. Aliutukana ukindu. Alilitukana tope la Tupendane na yeyote aliyewahi kuanzisha mikeka duniani. Alirundika magome mabichi uani, akayamwagia maji ili yasikauke, akashika panga na kulikita katikati ya rundo kwa nguvu zake zote. "Hapo! Shika na hilo!" Kisha akaliacha na kwenda zake shambani.

Jumapili, aliporudi kutoka kanisani, alikumbuka panga. Akalichomoa. Panga lilikuwa jeusi. Na gome nalo, kila lilipoguswa na panga, lilikuwa na doa jeusi tii.

"Sasa nimeharibu na panga la baba!" Alilikimbiza kwenye maji, akasugua. Doa halikutoka. Akasugua kwa mchanga. Panga likang'aa kidogo, lakini kidole chake cha gumba, kilichokuwa kimelowa maji ya gome, kikawa na alama nyeusi ukingoni. Akakisugua kidole, wapi! Akasugua zaidi, wapi! Alikuwa karibu kulia tena, mara mkono ukasimama. Alikitazama kidole kile. Kwa mwezi mzima alikuwa akitafuta weusi usiotoka, na sasa alikuwa akihangaika kuutoa.

"Bibi! Bibi, njoo uone!"

Bibi Silvana alikuja akijifuta mikono. Aliinama, akachukua kipande cha gome, akalamba doa kwa ncha ya ulimi, kama alivyofanya Kansofu miaka yote. Uso wake ukabadilika.

"Huu ndio," alisema. "Ndio wenyewe. Lakini... hamkugombana?"

"Bibi!" Zita alisema. "Nimegombana na huo mti tangu jana asubuhi. Nimeutukana mpaka maneno yameniishia. Kama rangi inakasirikia ugomvi, hii ingekuwa nyeupe!"

Bibi Silvana aliketi kwenye kigoda. Akakigeuzageuza kile kipande cha gome mkononi. Zita alidhani atakemewa kwa kusema na mkubwa namna ile.

"Mjukuu wangu, keti," alisema bibi. "Mimi nami nilijaribu. Mwaka ule tulipohamia hapa, nilitia rangi mara nne, peke yangu, bila kumwambia mtu. Ilikataa. Nikasema ardhi hii mpya haitaki mikono yangu. Niliona aibu, Zita. Wewe ulipokuja kuniuliza, ilikuwa rahisi kusema mmegombana kuliko kusema sijui."

Hakuwahi kumsikia mtu mzima akisema maneno kama hayo. Aliketi chini, karibu na miguu ya bibi yake.

"Kule Kansofu mlifukia wapi, bibi?"

"Kwenye kijito, chini ya malungu." Malungu ni tanuri za udongo, ndefu kupita kimo cha watu wawili, ambazo Wafipa wa zamani walitumia kuyeyushia chuma. "Tope la pale lilikuwa jekundu, limejaa mavi ya chuma. Babu yako aliwakataza watoto kukanyaga, yalikuwa yanakata miguu."

Mavi ya chuma, kwa asiyejua, ni yale mabonge mazito yanayobaki tanurini chuma kikishatoka. Zita alitazama panga. Akatazama gome. Tope la Tupendane lilikuwa jeupe kama unga. Hakusubiri hata kuaga, akakimbia mpaka nyumbani kwa Mwalimu Mwinjuma.

Mwalimu alimsikiliza mlangoni, povu la kunyolea ndevu likiwa bado shavuni. Zita alieleza yote mfululizo: panga, doa, kidole, malungu, hata na matusi aliyoyatukana. Alipomaliza, mwalimu alifuta povu.

"Inaelekea ni kweli," alisema. "Lakini juzi uliniambia kitu kingine, na nikakuamini. Leo sitaki kuamini, nataka kuona. Kesho tutajaribu mbele ya darasa."

Jumatatu mabakuli manne ya udongo yalipangwa mezani, yote yakiwa na maji yale yale ya gome la msuku na nyuzi chache za ukindu. La kwanza liliachwa hivyo hivyo. La pili lilitiwa tope la Tupendane. Katika la tatu mwalimu alitia kipande cha shabu, lile jiwe jeupe alilolipata dukani kwa kaka yake huko Mazwi, analojipaka akishanyoa ndevu. La nne lilikuwa la chuma. Zita alikuwa ametumwa kwa Mzee Polikarp, mhunzi wa kijiji, kuomba vumbi la tupa na kutu ya jembe bovu. Mzee alimtazama juu ya miwani yake. "Kutu? Siku hizi darasa la sita mnasomea kutu?" Lakini alimpa kopo zima, na kabla ya vipindi kuisha alikuja mwenyewe kuchungulia dirishani.

Mpaka Jumanne asubuhi mabakuli yalikuwa yamesema. Ukindu wa kwanza ulikuwa wa kahawia. Wa pili ulikuwa wa kahawia vilevile, ila mchafu. Wa shabu ulikuwa na manjano ya asali, mzuri mpaka wasichana wakaguna. Na wa nne ulikuwa mweusi. Mwalimu aliusugua kwa sabuni mbele ya wote, na maji yakabaki maangavu.

"Gome moja," alisema mwalimu, "rangi tatu. Nani ataniambia weusi ulikuwa wapi? Ndani ya gome?"

"Hapana, mwalimu!"

"Ndani ya chuma?"

Marselino akasema, "Chuma kina rangi ya chuma tu, mwalimu. Na kutu ni nyekundu."

"Vema. Gome la msuku lina ule ukali unaokausha ulimi ukilitafuna. Ukali huo ukikutana na chuma, vinashikana na kuwa kitu kipya. Jua linapotupiga, kitu hicho kinameza karibu mwanga wote, hakiturudishii kitu, na jicho linasema 'nyeusi'. Ukali ule ule ukishikana na shabu, kinachozaliwa kinaturudishia mwanga wa manjano. Mti unatoa kitu chake, ardhi inatoa chake, na rangi inazaliwa katikati. Na kwa kuwa vimeshikana ndani ya uzi wenyewe, maji hayavitoi. Masizi ya betri yamekaa juu tu, hayakushika kitu."

Ungedhani shida zimekwisha. Wapi! Zita, kwa pupa, alimimina kopo zima la kutu kwenye chungu na kuloweka ukindu siku tatu kama walivyofanya Kansofu. Ulitoka mweusi kweli, lakini alipoanza kusuka ukakatika. Kila alipovuta, tap! Chuma kilikuwa kimeula. Zita aliutupa chini, akausukumia mbali kwa mguu, akaondoka hatua kumi. Kisha akarudi. Safari hii hakwenda stoo. Alikwenda kwa mwalimu na vipande mkononi, mbele ya kikundi cha Marselino kilichokuwa kikipiga mipini msasa.

"Nimeshindwa tena, mwalimu. Nimezidisha chuma."

Marselino alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akarudi kwenye msasa wake.

Bibi Silvana aliitwa shuleni. Aliketi nyuma ya stoo kati ya wanafunzi, akalamba, akanusa, akapunguza kutu, akahesabu muda kwa kivuli cha jengo. Usiku mmoja tu, alisema, si siku tatu, kisha maji mengi ya kusuuzia. Ukindu ukatoka mweusi na mlaini. Vidole vyake vilivyokaa miaka miwili bila kusuka ukili mweusi vilianza kazi, navyo vidole vya watoto vikavifuata. Mchana walivuna, mapema asubuhi na baada ya mavuno walisuka. Hakuna aliyelala mapema wala aliyelalamika, isipokuwa Zita, aliyelalamika kila siku, lakini hakuacha kusuka.

Siku ya kumi lori lilifika. Ndugu Eustace alishuka, amevaa suruali nyeusi safari hii. Hakuketi. Alitoa leso nyeupe, akailowesha kwenye ndoo, akachuchumaa na kuusugua mstari mweusi kwa nguvu. Akaitazama leso. Ilikuwa nyeupe. Akasugua tena, mstari mwingine. Leso ilikuwa nyeupe. Ndipo alipoketi, na shule nzima ikapiga makofi, Marselino naye akiwemo, ingawa alipiga polepole.

"Nauchukua," alisema Mratibu. "Na mwenye kuujua aende nao. Watu watauliza weusi huu umetoka wapi. Zita, utawaambia nini?"

"Nitawaambia ni gome la msuku na kutu ya chuma, Ndugu Mratibu."

"Basi?"

Zita alimtazama. Mratibu alikuwa akingoja, na mwalimu alikuwa akingoja. "Nitawaambia na habari ya rangi ya ubao," alisema.

"Na ya suruali?"

"Na ya suruali."

Ndugu Eustace alicheka mpaka mabega yakatikisika, akaenda kusaidia kupakia.

Mwalimu Mwinjuma alimvuta Zita pembeni, karibu na gurudumu la lori. "Sikiliza, Zita. Ulishindwa mara tatu, na hilo halikuwa kosa. Hata bibi yako alishindwa, na mimi ningeshindwa. Kosa lilianza siku nilipokuuliza mbele ya wenzako, ukasema umekubali. Ungesema 'bado, mwalimu, sijui kwa nini', ningelitazama tope pamoja nawe siku ile ile. Mtu akificha alivyoshindwa, anabaki peke yake na tatizo lake. Akisema, anapata watu. Kazi ya mikono inataka bidii, lakini bidii ya mwongo inapotea bure. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Tarehe saba Julai, kwenye viwanja vya sherehe Sumbawanga, watu walijazana mbele ya banda la shule. Mama mmoja aliyetoka Milepa, msukaji mwenyewe, aliushika mkeka, akaukunja, akaukwangua kwa ukucha. Akamtazama msichana aliyesimama kando yake na sare iliyofuliwa.

"Mwanangu, weusi huu mmeufanyaje?"

Zita alinyoosha mgongo. Watu walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa wanafunzi wa shule kubwa za mjini.

"Shikamoo mama," alisema. "Kwanza kabisa, tulishindwa mara tatu."